Laxton, kijiji chenye serikali mbili

Ukilima Laxton ukapitiliza mpaka, hata kwa upana wa mfuo mmoja wa plau, hakuna atakayekuitia polisi wala kukuletea barua ya wakili. Utasubiri mwisho wa Novemba. Siku hiyo wakulima wenzako watapita kondeni na nyundo na mzigo wa vigingi, wataona ulipopotoka, na wiki moja baadaye kosa lako litasomwa mbele ya wanakijiji ndani ya baa. Kisha utalipa faini.

Wageni wengi hudhani ni maigizo ya watalii. Sivyo. Mwaka 1977 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufagia mabaki ya mahakama za kimwinyi zilizokuwa zimesalia huku na huku. Zile zilizopenda kuendelea na sherehe zao ziliruhusiwa kuendelea, lakini nguvu ya kisheria zilinyang'anywa. Laxton iliachiwa mamlaka yake, kwa sababu mahakama yake ilikuwa bado na kazi ya kufanya. Inaitwa Court Leet, na kazi yake ni kusimamia makonde ya kijiji.

Laxton iko Nottinghamshire, katikati ya Uingereza, kwenye vilima vya chini mashariki ya msitu wa Sherwood. Mimi naishi mjini Nottingham, na kwa gari ni mwendo wa saa moja hivi ukijumlisha kupotea. Nilitoka nyumbani Tanzania nikiwa najua vizuri kwamba hakuna kesi inayochosha wazee wa kijiji kama kesi ya mpaka wa shamba. Kwetu, sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 iliunda mabaraza ya ardhi ya watu saba, angalau watatu wakiwa wanawake, ili wasuluhishe. Wanasuluhisha, hawatozi. Kwa hiyo niliposikia kwamba Waingereza wana kijiji ambako wakulima wenyewe hukaa wakatozana faini kwa ajili ya mpaka, nilitaka kwenda kuona kwa macho.

Ukifika, kitu cha kwanza kinachogonga jicho ni nyumba. Sehemu nyingine za mashambani hapa utakuta nyumba ya mkulima imejitenga katikati ya mashamba yake, na jirani wa karibu yuko ng'ambo ya kilima. Laxton nyumba za wakulima zimejipanga kandokando ya barabara ya kijiji, baadhi zikiupa mtaa ubavu, na nyuma ya kila moja kuna kipande kirefu chembamba cha ardhi. Sababu ni kwamba mkulima wa hapa hana shamba mahali pamoja. Ana ngwe hapa, ngwe kule, zimetawanyika katika makonde matatu makubwa yasiyo na ua wala wigo ndani yake: West Field, South Field na Mill Field. Nyumba ikikaa kijijini inakuwa karibu na zote kwa usawa, au tuseme mbali na zote kwa usawa.

Kila mwaka konde moja huwa na ngano iliyopandwa kabla ya baridi, la pili huwa na mazao ya kupandwa Machi au Aprili kama shayiri na maharage, na la tatu hupumzishwa. Mwaka unaofuata zamu inasogea. Udongo ni mfinyanzi mzito. Kuna mahali panatuama maji na mahali panapokauka upesi, na anayepata ngwe nzuri upande huu hupata mbaya upande ule. Mabondeni ambako plau haiingii pamebaki vipande vya majani viitwavyo sykes, na kila kiangazi nyasi zake hupigwa mnada miongoni mwa wakulima wenye haki ya kuzivuna na kuzikausha ziwe hei, chakula cha mifugo. Kwa kuwa vipande hivyo havijalimwa kwa karne nyingi, vimejaa maua ya mwitu ambayo kwingine yalikwisha zamani, na sasa vinalindwa na sheria ya mazingira.

Fikiria sasa ugumu wake. Hakuna anayeweza kujiamulia kwamba mwaka huu konde la kupumzika yeye analima. Hakuna uzio wa kumkumbusha dereva wa trekta ngwe yake inaishia wapi. Njia za majani zinazopita kati ya ngwe ni za wote, na kila mmoja akizimega kidogo kila mwaka, baada ya miaka kumi hakuna njia. Lazima pawe na chombo cha kusema hapana, na chombo hicho lazima kijue kila ngwe ni ya nani bila kufungua faili.

Historia ya kijiji nitaipitia haraka, kwa sababu sehemu yake ya mwanzo inafanana na ya vijiji vingi vya huku. Jina lake limo katika Domesday, lile daftari la mwaka 1086 ambalo mfalme William aliandikisha mali zote za nchi aliyoiteka. Baada ya hapo ikajengwa ngome ya udongo kaskazini ya kijiji, na leo kichuguu chake bado kimesimama, kimefunikwa na majani, kondoo wanapanda na kushuka. Mabwana wa ngome ndio waliokuwa wasimamizi wa msitu wa Sherwood kwa niaba ya mfalme. Ukoo wa Everingham, waliokuja baadaye, wamelala ndani ya kanisa la Mtakatifu Mikaeli kwa sura ya sanamu. Mojawapo, ya mwanamke, imechongwa kwa mbao, jambo ambalo ni nadra sana kwa sanamu za makaburi za zama hizo.

Mwaka 1635 ndio unaonivutia zaidi. Mmiliki wa wakati huo alikuwa Sir William Courten, mfanyabiashara tajiri wa London, yule yule ambaye fedha zake ndizo zilizopeleka walowezi wa kwanza wa Kiingereza kisiwani Barbados mwaka 1627. Mtu wa meli na mizigo, alitaka kujua alichokinunua. Akamwajiri mpimaji aitwaye Mark Pierce, ambaye alitembea kijiji kizima akaandika daftari la kila kipande na mwenye nacho, kisha akachora ramani. Ramani hiyo sasa iko maktaba ya Bodleian, Oxford. Ngwe zake ni maelfu, nyembamba nyembamba, kila moja imeandikwa. Na pale alipopata nafasi, Pierce au mchoraji wake alichora watu wadogo: mmoja anaswaga plau, wengine wanavuna, na pembeni wakubwa wako farasini wanawinda paa. Mimi naona hapo kuna ripoti nzima ya siasa ya kijiji katika inchi chache. Wanaolima wameinama, na wanaomiliki hawaonekani kabisa. Waliopo juu ya farasi wanapita tu.

Courten alifariki mwaka uliofuata. Ardhi ikapita mikono mingine hadi ikaangukia kwa ukoo wa Pierrepont, waliokuja kuitwa Earl Manvers.

Sasa, kwa nini Laxton haikuzungushiwa ua kama kwingine? Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kugawa na kufunga makonde ya pamoja. Jumla ilikuwa ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya Uingereza. Mwenye ngwe kumi zilizotawanyika alipewa shamba moja lenye ua. Asiyekuwa na hati, aliyekuwa akilisha ng'ombe wake mmoja kwenye ardhi ya wote kwa mazoea tu, mara nyingi aliambulia patupu, akaenda kuwa kibarua au akaingia mjini kiwandani. Laxton nayo ilianza kumegwa katika karne ya 18. Kilichoiokoa ni ugomvi wa wakubwa: kijiji kilikuwa na wamiliki wawili wakubwa, Manvers na Scarbrough, na hawakuweza kukubaliana. Wapenzi wa mambo ya kale hupenda kueleza kwamba wanakijiji walishikilia mila zao. Mimi nasema ahsante kwa ugomvi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Earl Manvers wa wakati huo aliziunganisha ngwe, zikawa chache na pana zaidi, lakini utaratibu akauacha. Mwaka 1952 mrithi wake aliiuzia ardhi hiyo wizara ya kilimo kwa makubaliano kwamba itahifadhiwa. Mwaka 1981 ikahamia Crown Estate, shirika linalosimamia mali za taji. Makonde ya wazi yaliyobaki leo hayafiki ekari 500.

Novemba mmoja niliwafuata wakaguzi kwa nyuma. Jopo lao ni la wakulima na wenye ardhi wa hapohapo, wana mwenyekiti wao, na hukagua konde lililopandwa ngano mwaka huo tu. Walipanda tela linalovutwa na trekta, wakashuka mwisho wa ngwe ya kwanza. Ngano ilikuwa imeota urefu wa kidole. Mzee mmoja alisimama kichwani mwa ngwe, akafumba jicho moja, akaangalia mstari wa kijani mpaka mwisho wake, kisha akasema neno moja ambalo sikulisikia. Wenzake wakacheka. Kijana akashusha kigingi cha mbao iliyopasuliwa, akakigongelea pale njia ya majani inapotakiwa kuishia. Ngano ilikuwa imekipita kigingi kwa kama hatua moja. Hakuna aliyetaja jina. Mwandishi aliinamisha kichwa, akaandika, wakasogea ngwe inayofuata. Mwenye kosa, nilikuja kuambiwa, alikuwa mmoja wa waliokuwa kwenye tela.

Waliangalia na mitaro. Mtaro wa Laxton usipozibuliwa, maji hulala kwenye ngwe ya mwingine, na lawama yake ni nzito kuliko ya kupitiliza mpaka. Mchana wakaingia baa ya Dovecote Inn kula, na hapo hapo mezani orodha ya makosa ikaandikwa safi.

Kikao chenyewe hufanyika wiki moja baadaye katika baa hiyo hiyo. Anakaa msimamizi anayewakilisha mmiliki wa ardhi, huitwa majina ya wanaopaswa kuhudhuria, na asiyefika bila udhuru hutozwa kiasi kidogo ambacho hakimtishi mtu. Orodha ya jopo inasomwa. Faini ni za pauni chache. Mkulima mwenye trekta la kisasa hawezi kufilisika kwa hizo. Lakini kusomwa mbele ya watu utakaokutana nao kesho njiani, na mbele ya baba mkwe pengine, ni adhabu nyingine. Kisha linaapishwa jopo la mwaka unaofuata, ambalo litakagua konde jingine kwa kuwa zamu ya ngano imehama.

Hiyo ni serikali ya kwanza. Haichaguliwi kwa kura ya siri, na ukiwa unaishi Laxton bila ngwe, kama wengi wanavyoishi sasa wakienda kazini Newark au Nottingham, maamuzi yake hayakuhusu sana. Serikali ya pili, halmashauri ya parokia, ndiyo inayokuhusu, na ndiyo dhaifu.

Wasomaji wa Uganda hawahitaji kuelezwa kwamba parokia inaweza kuwa ngazi ya serikali; kwao iko kati ya kijiji na kata ndogo, na tangu mwaka 2022 fedha za mpango wa maendeleo wa Rais Museveni zinapita humo. Uingereza nako parokia ilianza kuwa eneo la kanisa, halafu taratibu serikali ikaitwisha mizigo. Mwaka 1555 Bunge liliamuru kila parokia itengeneze barabara zake kwa msaragambo: siku nne kwa mwaka, na kufikia mwaka 1563 zikawa sita, bila malipo. Mwaka 1601 ikaja sheria ya maskini. Kila parokia ilipaswa kuchagua waangalizi, kutoza kodi kwa wenye mali, na kuwatunza wazee, yatima na wasiojiweza wake. Neno zito hapo ni "wake". Sheria ya mwaka 1662 ilimpa mwangalizi uwezo wa kuomba mgeni arudishwe parokia alikotoka ndani ya siku 40 ikiwa amepanga nyumba ya chini ya pauni kumi kwa mwaka, maana leo mpangaji, kesho mzigo. Wanawake wajawazito wasio na waume walisukumwa kuvuka mpaka kabla hawajajifungua, ili mtoto asizaliwe kuwa gharama ya parokia. Mwaka 1697 ikaongezwa aibu: anayepokea msaada avae bega la kulia herufi P, pamoja na herufi ya kwanza ya jina la parokia yake. Kwa Laxton ingekuwa LP.

Huwa nasikia watu wakisifu ujamaa wa vijiji vya zamani vya Uingereza. Ulikuwepo, kwa waliohesabiwa.

Maamuzi hayo yote yalifanywa na mkutano wa walipa kodi uliokutana kanisani, ambao kwa vitendo ulikuwa mkutano wa kasisi, wakulima wakubwa na wakala wa bwana. Kodi ya maskini ilipowazidi, tiba ikapatikana jirani kabisa na Laxton. Mji wa Southwell, mwaka 1824, kasisi John Thomas Becher alisimamia ujenzi wa nyumba ya maskini iliyotenganisha wanaume, wanawake na watoto, yenye masharti magumu makusudi ili asiingie ila aliyekosa kabisa. Mwaka 1834 Bunge liliufanya mtindo huo kuwa sheria ya nchi, na parokia zikaunganishwa katika miungano mikubwa. Jengo bado lipo, wazi kwa wageni. Nililitembelea siku ya mvua na sikukaa sana.

Hapo parokia ikaanza kunyang'anywa kazi moja baada ya nyingine: maskini, polisi, barabara. Serikali ya waziri mkuu Gladstone ilipoleta sheria ya mwaka 1894 ya kuunda halmashauri za parokia zilizochaguliwa na watu, zisizo za kanisa, kazi kubwa zilikuwa zimeshahamia kwingine. Hata hivyo ilikuwa hatua. Vibarua wa mashambani, waliopata kura ya Bunge miaka kumi tu kabla, waliweza kukaa meza moja na mwajiri wao. Wanawake, ambao kura ya Bunge wangeisubiri hadi mwaka 1918, waliruhusiwa kupiga kura na kugombea. Lakini mfuko ulifungwa kamba tangu kuzaliwa: halmashauri haikuweza kutumia zaidi ya peni tatu kwa kila pauni ya thamani ya mali bila idhini ya mkutano wa wanakijiji.

Mabadiliko makubwa ya mwaka 1974 yaliziacha parokia hai chini ya wilaya mpya. Kwa hiyo mkazi wa Laxton leo ana halmashauri ya parokia, wilaya ya Newark and Sherwood inayozoa taka na kutoa vibali vya ujenzi, kaunti ya Nottinghamshire inayosimamia shule na barabara, na tangu mwaka 2024 meya wa East Midlands juu yao. Wote wanakula kwenye sahani ya kodi ileile ya nyumba au kwenye fungu kutoka London. Sehemu ya parokia ni ndogo kiasi kwamba wengi hawaioni kwenye karatasi ya kodi.

Nimehudhuria vikao vya halmashauri ya parokia moja, siitaji, na si ya Laxton. Kuingia ni haki ya yeyote; sheria ya mwaka 1960 iliyofungua milango ya vikao vya halmashauri ilipelekwa bungeni na mbunge mgeni aliyeitwa Margaret Thatcher. Walikuwa wajumbe saba wasiolipwa na karani anayelipwa kwa saa chache. Shimo barabarani: karani ataiandikia kaunti. Nyumba mpya tano kwenye kona: halmashauri inapinga, itaiandikia wilaya, na wilaya itasoma maoni kisha iamue inavyoona. Kinyesi cha mbwa makaburini: litabandikwa tangazo. Benchi jipya: hapo walikuwa na uwezo kamili, na hapo ndipo walipobishana muda mrefu zaidi, kama liwe la mbao au la plastiki iliyorejelezwa. Mtu anaweza kucheka. Mapema mwaka 2021 dunia nzima ilicheka video ya kikao cha parokia ya Handforth, Cheshire, pale Jackie Weaver, ofisa aliyekuwa akisimamia kikao, alipowatoa wajumbe kwenye Zoom huku wakimpigia kelele kwamba hana mamlaka. Mimi nilipoitazama niliona watu waliozoea kunyimwa madaraka wakigombania kidogo kilichopo.

Court Leet ina eneo dogo kuliko parokia, watu wachache kuliko parokia, na haijui bajeti ni nini. Lakini ikisema kigingi kikae hapa, kinakaa. Jopo linahukumu jambo ambalo kila mjumbe analifanya kwa mikono yake mwenyewe, na mwaka kesho anaweza kuwa yeye. Halmashauri ya parokia inajadili mambo ambayo wengine, mbali, ndio wenye kalamu.

Nisiipambe sana hiyo mahakama. Mwaka 2018 Crown Estate ilipotangaza kuuza Laxton, jopo lilikuwa halina la kusema, kwa sababu nguvu yake inaishia kwenye matumizi ya ardhi. Nani anaimiliki ni suala la juu yake. Wapangaji waliingiwa na hofu. Mwaka 2020 mnunuzi akapatikana: Thoresby Estate, mali ya kizazi cha wale wale Pierrepont walioiuza mwaka 1952. Makonde yakabaki wazi. Lakini yangeweza kwenda kwa mwingine, na kura ya hapana haikuwepo mezani Dovecote wala kwenye ukumbi wa parokia.

Na mengine yanakuja. Desemba 2024 serikali ya London ilitoa mpango wa kufuta mfumo wa kaunti na wilaya na kuweka halmashauri moja kubwa kila eneo, na Nottinghamshire imo. Wilaya ya Newark and Sherwood ikifutwa, ofisi itakayopokea barua ya karani wa Laxton itakuwa mbali zaidi na yenye watu wengi zaidi wa kuwasikiliza. Kwingine ambako mabadiliko kama haya yametangulia, parokia zimejikuta zikikabidhiwa viwanja vya michezo, vyoo vya umma na makaburi, kwa maelezo kwamba ni madaraka kwa wananchi, huku gharama zikiongezwa kwenye fungu lao la kodi. Mjumbe mmoja wa ile halmashauri nisiyoitaja, bibi aliyekaa humo muda mrefu, alinijibu kwa ufupi nilipomuuliza anaonaje: vyoo atavipokea, ila na funguo za wilaya apewe.